Mikono ya Kumbeba Babu

Magwagwa,
14 Januari 2024

Kwa Mogire, mume wangu mdogo,

Bwakire. Mwaka umeanza na sisi bado tupo, nadhani hilo latosha kuwa salamu. Mvua ya Desemba ilichukua mahindi ya kule chini, lakini chai imechipua mpaka wachumaji wananung'unika. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi, mwenye fujo kama shangazi yako wa Marani. Anyona, mjukuu mwenzako, alikuja Krismasi na kiatu chenye ncha, akateleza mbele ya wageni, na hajasahauliwa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu unayajua masikio yangu. Nikipokea simu lazima iwekwe sauti ya juu, na ikiwekwa sauti ya juu boma zima linakusanyika, na wanaopita barabarani wanachangia. Mume na mke wana mambo yao. Persis anashuka Kisii kila wiki na ndizi zake, kwa hiyo yeye ndiye posta. Kiswahili utakiandika vizuri, maana nilikufundisha mwenyewe na kiboko kilikuwa karibu.

Babu yako anakusalimu. Miguu bado ni ile ile, haitaki kusikia dawa. Masikio yake ni ya paka, anasikia kuku akitaga nyuma ya jiko. Yeye ana masikio, mimi nina miguu, tumegawana. Sabato baada ya kanisa aliuliza kama umefika. Nikamwambia kampuni bado imekuweka Eldoret. Akauliza Eldoret siku hizi imekuwa mbali kiasi gani, kisha akageukia ukutani.

Ogari, baba yako mdogo, huja kila asubuhi. Husimama kwenye mlango wa chumba chetu, humsalimu babake kwa sauti, huondoka. Mchungaji alihubiri kwamba mambo ya chinsoni, haya za mzazi na mtoto, ni ya zamani, kwamba mtoto aweza kuingia chumba cha wazazi akamsaidia mgonjwa. Ogari aliitikia amina kuliko wote na bado hajavuka kizingiti. Simlaumu. Hata mimi nisingejua niweke wapi uso wangu. Mjukuu ndiye asiye na haya na babu yake, anaingia, anamwosha, anamtania, anambeba hadi nje. Anyona naye alijaribu kumbeba, wakaangukiana kitandani wote wawili. Babu yako alicheka lakini hataki kujaribiwa tena.

Kiti chake bado kiko nje pale penye jua. Kuku wamekifanya kiota.

Nasikia karibu unarudi Kisii, kwa hiyo nimekutumia mboga ya chinsaga, nimeichemsha kwa maziwa kama unavyopenda. Msalimu mkeo Sharon.

Ni mimi Bosibori, mke wako wa kwanza.


Kisii,
2 Februari 2024

Kwa Magokoro, nyanya yangu,

Nimepokea barua, na chinsaga, na salamu. Asante sana. Sharon anakusalimu, naye pia alicheka habari ya kiatu cha Anyona. Hapa mjini joto limezidi na maji ya mfereji yanakuja yanapotaka.

Nimerudi kutoka Eldoret. Kazi ni nyingi. Wamenitoa stoo wakaniweka kaunta, kwa hiyo siku hizi sibebi saruji, naandika risiti. Ni cheo, watu wanasema. Chinsaga tuliila yote siku hiyo hiyo.

Mwambie babu kazi ikipungua nitakuja. Mwambie mikono ipo.

Wako,
Mogire


Magwagwa,
10 Machi 2024

Mogire,

Tu wazima. Ndama ameachishwa. Mwalimu Obwocha, yule tuliyefundisha naye Sironga, amestaafu na sasa anatutembelea kila siku kama aliyefukuzwa kwao.

Persis amerudi na maneno. Anasema alipoleta chinsaga ya pili, jirani yenu wa chini alimshukuru kwa mboga, na kwamba hata ile ya kwanza aliila yeye. Anasema pia alimwona Sharon akipanda ngazi na mtungi wa gesi begani, na wewe nyuma yake na mkate mkononi. Nilimwambia macho yake yamezeeka kuliko ndizi zake. Alikasirika, lakini hakubadilisha maneno.

Mimi sisemi kitu. Nilikulea tangu babako alipofariki, na mtu niliyemlea alikuwa akibeba gunia la mahindi huku akipiga mluzi. Nauliza tu kama chinsaga yangu imekuwa chungu.

Babu yako hajatoka nje tangu ulipomtoa wewe mwezi wa tisa. Ngozi yake imekuwa na rangi ya kitu kilichofunikwa na beseni. Hamlaumu mtu. Anauliza tu jua limefika wapi, nami namwambia.

Bosibori


Kisii,
17 Machi 2024

Magokoro,

Natumai barua hii inakukuta salama. Sisi tuko salama.

Persis aangalie ndizi zake. Sharon alipenda mwenyewe kubeba ule mtungi, na mimi nilikuwa na simu sikioni. Kuhusu chinsaga, tulikuwa nayo nyingi, ndiyo maana.

Pasaka nakuja. Nimeanza tena mazoezi kwa Nyangau, pale pale penye vyuma vyetu vya zamani, nilikuwa nimelegea kidogo kwa sababu ya kukaa kaunta. Toa kuku kwenye kile kiti. Babu nitambeba mimi.

Mogire


Magwagwa,
7 Aprili 2024

Mogire,

Salamu za nyumbani zichukue zote, sitazihesabu leo.

Ulikuja. Nilikuona ukishuka pale njiani ukasimama kuvuta pumzi kama mtu wa rika langu. Sikusema. Niliona umevaa sweta zito mchana wa jua kali, umelifunga hadi shingoni. Sikusema. Nilikuwa nimekisugua kile kiti mpaka kikang'aa, na babu yako alikuwa amenyoa tangu alfajiri, amejikata kidevu kwa haraka ya kukungoja.

Uliingia chumbani, ukainama, ukapitisha mikono chini yake kama zamani. Nilikuwa nimesimama pale na blanketi ya kumfunika magoti. Kisha sijui alikwambia nini, maana masikio yangu ndiyo haya, lakini uliitoa mikono. Ukaja kuniambia babu hataki jua leo, linamuumiza macho. Ukanywa chai nusu kikombe, ukasema umechelewa, ukaenda. Kuku niliyekuchinjia tulimla na Obwocha.

Mogire, huyu mzee ameulizia jua miezi sita. Haliwezi kumuumiza macho siku uliyofika wewe.

Nataka nikuulize kama nyanya, bila utani wa mke na mume. Je, tumeanza kunuka? Najua wazee huwa na harufu ambayo wenyewe hawaisikii. Namwosha kila siku na nabadilisha shuka, lakini huenda pua yangu imefuata masikio. Kama ni hivyo, niambie. Sitalia. Nitajua tu kwamba ni hivyo.

Nimeona aibu kuandika sentensi hizo, lakini nimeziandika.

Bosibori


Kisii,
28 Aprili 2024

Magokoro wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu nakupa, na Sharon anakupa zake. Anasema kama sitaiandika leo atapanda Magwagwa mwenyewe akuambie kwa mdomo, kwa sauti ya kukufaa, boma zima lisikie.

Hamnuki. Nimesoma mstari ule nikaenda kukaa chooni nisionekane.

Sikwenda Eldoret kwa kazi. Nilikwenda kupasuliwa moyo. Tangu mwezi wa tisa nilikuwa nikipanda ngazi moja napumua kama punda, na miguu ilivimba. Daktari alisema kilango kimoja cha moyo kimekuwa kikiharibika polepole tangu utotoni, hakifungi, damu inarudi nyuma. Desemba walinifungua kifua, wakatoa kile kilango wakaweka cha bandia. Nina kovu kutoka hapa chini ya koo mpaka karibu na tumbo. Lile sweta lilikuwa la kulifunika.

Nitakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi maisha yangu yote. Mboga za majani nazo zinavutana na ile dawa, kwa hiyo nimeambiwa nile kiasi kile kile kila wiki, nisizidishe wala nisiache. Ulipotuma sufuria nzima niliogopa. Ningeweza kukueleza kwa mstari mmoja. Nikaona afadhali jirani ale na wewe udhani tumekula.

Sasa nikwambie kwa nini nilificha. Unajua nyumbani naitwa nani. Kila harusi, kila mazishi, gari likikwama, tangi likipandishwa, ni "mwite Mogire." Sikuwahi kuwa wa kwanza darasani, hata wewe ulinipa alama za huruma. Nilikuwa na mikono tu. Nilipotoka hospitali nikaambiwa nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai mpaka mfupa wa kifua uungane. Sharon akaanza kubeba maji, gesi, magunia ya viazi, na mimi nyuma yake na mkate. Persis aliona sawasawa. Hakukuwa na simu sikioni. Watu wa jengo walikuwa wakinyamaza tukipita, kisha wakianza kuongea tukishapita, na Sharon hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu.

Kisha ikaja barua yako ya kiti. Mtu wa mazoezi hospitalini, anaitwa Nyanchoka, alikuwa amenipangia mambo yake: nitembee, niongeze mwendo kidogo kidogo, nianze na vyuma vile vidogo vya mkono, nihesabu kwa sauti ili nisizuie pumzi. Niliona ni michezo ya watoto. Nilipokuandikia kwamba nimeanza kwa Nyangau nilikuwa bado; wiki moja kabla ya Pasaka ndipo nilikwenda. Vijana walikuwepo, wakaniambia, "Buda, ulipotelea wapi? Umekuwa mdogo." Basi nikapakia chuma kinachokaribia uzito wa babu. Nilitaka kujua tu. Nilikishika, nikabana pumzi kama zamani, kikaondoka chini kidogo. Nikaona giza. Nilijikuta nimekaa sakafuni na Nyangau ananimwagia maji, na wale vijana wamesimama ukutani, hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kifua hakikupasuka, walinipima hospitalini wakaniachilia. Nyanchoka aliniuliza, "Ulikuwa unamwonyesha nani?"

Na bado nilikuja Pasaka. Nilipitisha mikono chini ya babu nikijua huenda nikamwangusha au nikaanguka juu yake. Kichwa chake kilikuwa hapa kifuani. Kabla sijanyanyua akasema polepole, "Leo jua linaniumiza macho, niache nilale." Magokoro, nilifurahi. Nilimtazama mzee aliyenyoa kwa ajili ya jua na nikafurahi kwamba hatalipata. Furaha hiyo ndiyo iliyonifukuza kabla ya kuku kuiva.

Usimwambie babu. Mwache adhani nina shughuli. Afadhali anione mbaya kuliko anione dhaifu.

Mogire


Magwagwa,
12 Mei 2024

Mwanangu Mogire,

Leo wewe si mume, ni mtoto, keti usikilize.

Barua yako niliisoma jikoni, kisha nikaisoma tena kwenye shamba la chai ambako hakuna mtu. Nimekasirika nawe kwa namna ambayo sijakasirika na mtu tangu niache kufundisha. Ulipasuliwa kifua na mimi hapa nilikuwa nikilalamikia mahindi. Nani alikushika mkono? Najua ni Sharon. Mwambie mtoto huyo nikimwona nitamshukuru kwa magoti yangu, na magoti yangu hayapigwi ovyo.

Umesema nisimwambie babu yako. Nilishika neno lako siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa namlisha uji, akaniuliza mbona nampelekea kijiko kitupu. Nikamwambia ni barua ya Mogire. Akasema, "Amekueleza habari ya saa?"

Nikamuuliza saa gani. Akaniambia siku ile ulipoinama juu yake sikio lake liligusa kifua chako, na ndani ya sweta kulikuwa na saa inayopiga. Tik, tik, kama ile ya ukutani shuleni Sironga. Alitazama mikono yako, haikuwa na saa. Alisikiliza tena. Akasikia pia pumzi yako, na jinsi ulivyokuwa ukitetemeka kabla hata hujambeba. Anasema alimjua zamani mtu wa kanisa la Nyamira aliyewekewa kitu kama hicho, alisikika wakati wa maombi ya kimya. Basi akafikiri kidogo, akasema jua linamuumiza macho.

Amelijua jambo hili tangu Pasaka na hakuniambia, kwa sababu alidhani kama umelificha una sababu. Hivyo mlikuwa wawili mnafichana, na mimi kiziwi katikati najinusa.

Ulifurahi, ndiyo, sasa nimejua. Ni aibu na utakaa nayo kidogo. Lakini ujue ile furaha ni yeye aliyekupa, na alikupa akijua.

Sasa sikiliza lililofuata. Tangu miguu ikatae nimemwomba mzee huyu tuhamishie kitanda sebuleni. Sebule si chumba cha wazazi, Ogari angeingia, angemshika, chinsoni isingeguswa. Amekuwa akikataa. Alisema hatalala mahali wageni wanapokunywa chai kama mzigo unaosubiri gari, watu wamwone na chupa yake ya mkojo. Unajua alivyokuwa. Basi baada ya kuniambia habari ya saa akasema, "Mwite Ogari abebe kitanda." Nikadhani sijasikia, nikamwambia arudie. Akasema, "Kama huyo mtoto anaona aibu kwa sababu yangu, basi na mimi niache yangu."

Kitanda kiko sebuleni. Jumanne Ogari alimshika babake kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima. Alifumba macho, mjinga yule, nusura amgonge kwenye mlango. Lakini alimfikisha. Babu yako alikaa juani mpaka akasinzia, na Obwocha alikuja akamsalimu bila kuitazama ile chupa, nami nikamsamehe kutembelea kwake.

Ana sharti moja. Usije tena na sweta.

Chinsaga nimekuwekea kidogo tu, imefungwa kwa kiasi cha kiganja. Kila wiki itakuwa kiasi hicho hicho. Persis ameapa.

Magokoro wako


Kisii,
4 Agosti 2024

Magokoro,

Nawasalimu wote, na babu zaidi. Sharon ana habari ya kukupa mwenyewe mkionana, usimuulize kwenye simu. Chinsaga inafika. Kipimo cha damu kimetulia miezi miwili sasa, na Nyanchoka ameuliza nani ananipikia.

Nimerudi kwa Nyangau. Nilikaa nje ya lango siku ya kwanza kama mtoto aliyechelewa shule. Nikaingia, nikavua shati. Kovu lilionekana na kila mtu. Nilichukua vile vyuma vidogo vya rangi ya waridi vilivyo kwenye kona ambako wanawake hufanyia mazoezi. Kijana mmoja mgeni akasema, "Hizo si za madem?" Nyangau akamgeukia. Nilijibu mwenyewe kwamba nimewekewa kilango cha moyo na ndivyo ninavyoanza. Sauti ilitoka ndogo. Masikio yalikuwa ya moto mpaka nikamaliza.

Nanyanyua huku nahesabu kwa sauti. Wote jimuni wananisikia. Ningekudanganya nikisema nimezoea. Wanawake wa ile kona wananikaribisha vizuri, mmoja ni mama wa wajukuu na ananishinda. Nikitoka huwa napita njia ya nyuma.

Daktari ameniongezea kiasi ninachoruhusiwa, lakini babu bado ni mzito kuliko ruhusa yangu, na amesema huenda nisifikie tena ule uzito wa zamani. Nilimuuliza mara mbili. Jumapili ijayo tunakuja. Ogari ashike mabega, mimi nitashika miguu.

Mogire


Magwagwa,
1 Septemba 2024

Mogire, mume wangu,

Tumeamka. Chai imepungua kwa baridi. Ndama ameuzwa, nimemlilia kuliko nilivyopanga. Sharon alininong'oneza habari yake na mimi nikamjibu kwa sauti kubwa, kwa hiyo sasa Magwagwa yote inajua ana mimba. Anisamehe.

Tangu mje babu yako amekuwa na maneno ya siku ile tu. Jinsi ulivyoshika miguu yake huku ukihesabu, Ogari akahesabu nawe bila kujua kwa nini, mkafika kwenye kiti mmefika nane. Anasema hajawahi kubebwa kwa hesabu. Anasema pia ulipokaa chini karibu naye, saa ilikuwa ikipiga vizuri, haikuwa na haraka.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukukiona, kwa sababu alijifunika blanketi. Anakonda, Mogire. Chakula anakichezea. Nguo alizovaa Pasaka zinamzunguka. Alhamisi Ogari alikuja peke yake akambeba bila msaada, akatoka naye kama anayetoa godoro, nami nikashindwa kumtazama Ogari usoni na yeye akashindwa kunitazama.

Babu yako aliona. Tulipomketisha nikamfunga blanketi, akaniambia nikuandikie maneno haya, na nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie Mogire aendelee na vile vyuma vyake vidogo, asiongeze kwa haraka. Yeye anapanda na mimi nashuka. Kidogo tu nitafikia uzito wa ruhusa yake, na atanibeba peke yake."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimshika kichwa mpaka kikohozi kikaisha, kisha nikarudi ndani kutafuta kalamu.

Kiti kiko nje, kimesuguliwa.

Bosibori